Siku moja na fedha iliyozama mwaka 1622

Saa 12 asubuhi. Majogoo wa Key West, kisiwa cha Florida, Marekani, hawana mwenyewe. Wanazurura barabarani, wanawika chini ya dirisha langu, na kwa dakika moja hivi najiona niko Tanga. Chai, baiskeli, kazini.

Saa 1:30. Nafungua maabara na kukagua mabeseni. Ndani mna sarafu za Nuestra Señora de Atocha, merikebu ya Kihispania iliyozamishwa na tufani Septemba 6, 1622, magharibi ya kisiwa hiki. Walikuwamo watu 265. Waliopona ni watano tu waliong'ang'ania mlingoti wa nyuma: mabaharia watatu na watumwa wawili.

Sarafu hutufikia zikiwa bonge jeusi. Kila moja naifunga kwenye waya wa upande hasi, pembeni naweka wavu wa chuma kisichoshika kutu kwenye upande chanya, vyote ndani ya maji yenye kostiki soda, kisha napitisha umeme kidogo sana. Viputo vya haidrojeni vinalegeza ukoko, na fedha iliyogeuzwa nyeusi na salfa inaanza kurudi kuwa fedha. Anayezidisha umeme ili amalize mapema atabandua ukoko pamoja na chapa, na chapa ikishatoka ndiyo basi.

Saa 4. Moja imefunguka! Upande mmoja msalaba, ngome na simba. Upande wa pili ngao ya mfalme na herufi P, yaani Potosí, mji wa machimbo ya fedha ulio Bolivia ya leo. Ni reale 8, sarafu ya Kihispania ya enzi hizo. Kisheria ilipaswa kuwa na gramu 27 hivi, lakini mizani inasoma 21. Zilizobaki zimeliwa na bahari. Haina duara, kwa sababu ilikatwa kwenye kipande cha fedha na kugongwa kwa nyundo. Wenyeji wa milima ya Andes walipelekwa kwa zamu za lazima kuchimba mlima wa Potosí, na fedha ikatenganishwa na mawe kwa zebaki, sumu waliyoivuta kwa pua zao. Nikiishika sarafu hii nawafikiria wao kwanza, mfalme baadaye.

Saa 7 mchana. Mdogo wangu anapiga simu. Kwao ni saa 2 usiku.

"Shikamoo kaka. Leo mmepata dhahabu?"

"Marahaba. Nimepata herufi P."

Akanyamaza, nikamsimulia habari ya mkuo namba 4584, yaani kipande kikubwa cha fedha iliyoyeyushwa na kumiminwa. Mwaka 1973 wapiga mbizi wa Mel Fisher, Mmarekani msakaji wa hazina, waliibua mikuo mitatu ya fedha, na mmoja ulikuwa na namba hiyo. Mwanahistoria Eugene Lyon alikuwa amezipekua nyaraka za Archivo General de Indias, hifadhi ya kumbukumbu za makoloni ya Hispania kule Seville, na namba ile ile ilikutwa kwenye hati ya shehena ya Atocha. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ni yenyewe, miaka 12 kabla ya shehena kubwa kupatikana, Julai 20, 1985. Mdogo wangu akauliza: kwa hiyo karatasi ndiyo iliyoitambulisha fedha? Ndiyo, mdogo wangu. Karatasi.

Saa 8 mchana hadi saa 11. Nasoma nakala za hati. Mwandiko wa makarani wa wakati ule umefungamana kama nyavu, na mistari mitano inaweza kumaliza saa nzima.

Hapa nina dukuduku. Wasakaji walishusha mabomba makubwa nyuma ya mashua ili mkondo wa rafadha upulize mchanga wa chini. Ni kazi ya haraka, lakini mahali kilipolala kila kitu panapotea, na sarafu nyingi zikauzwa huku na huko duniani. Zile za Nuestra Señora de las Mercedes, merikebu nyingine ya Kihispania iliyozama mwaka 1804, karibu 594,000, mahakama za Marekani ziliamuru zirudishwe Hispania, na zikarudi mwaka 2012. Zimebaki pamoja, na mtafiti anaweza kuzisoma kama fungu moja. Za kwetu nazitamani hivyo, na inaniuma.

Saa 11:30 jioni. Nimeitia sarafu kwenye maji safi. Itakaa humo wiki kadhaa hadi soda yote itoke. Kesho naanza na jirani yake, ambayo bado imegandana na kipande cha ubao wa sanduku.