Paneli ya wati 10 na betri ya 18650: 7805 nimeiweka pembeni

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa uleule: paneli ya sola ya volti 18 ipite kwenye 7805 (chipu ya kushusha volti) itoke volti 5, iingie TP4056 (moduli ya kuchaji lithiamu), betri ya 18650 (seli ya lithiamu ya mviringo) itajaa. Itajaa, kama una subira. Paneli yangu ya wati 10 inatoa kama ampea 0.5 jua likiwa kali, na kwa njia hiyo ampea zinazoingia ndizo hizohizo zinazotoka. Piga hesabu: paneli imetoa wati 9, betri ya volti 3.7 imepokea wati 1.85. Wati 6.5 zimeishia kwenye 7805, ndiyo maana wanakwambia uifunge bati la kupoozea, na kilichobaki kinaichemsha TP4056. Hapo hatuchaji, tunapika.

Nikafunga CN3791, chipu ya kuchaji lithiamu kwa sola. Moduli yake ni ya bei ndogo. Chipu hii inawasha na kuzima mosfeti (swichi ya kielektroniki) mara 300,000 kwa sekunde. Mosfeti ikiwaka, koili inajaa nguvu. Ikizima, koili inaendelea kusukuma mkondo kwenye betri kupitia diodi. Kinachovuka ni wati, si ampea. Kwenye zile wati 9 toa hasara ya kama asilimia 15, zinabaki kama wati 7.65, gawa kwa 3.7, unapata karibu ampea 2.1. Kwa hiyo mita ikisoma 0.5 upande wa paneli na 2 upande wa betri, usiitupe, ni nzima.

Ampea za kuchaji zinapangwa na rizista moja ndogo kwenye njia ya betri: 0.12 gawa kwa ohm zake. R050 (yaani ohm 0.050) inaleta ampea 2.4, R060 ampea 2, R120 ampea 1. Nina seli mbili sambamba zenye jumla ya mAh 5000 za kweli (si zile za kuandikwa kwenye ganda), nikaweka R060. Mwenye seli moja kuukuu iliyotoka kwenye laptop aweke R120.

Kazi yenyewe iko kwenye pini ya MPPT, inayoishikilia paneli kwenye volti inapotoa nguvu nyingi zaidi. Pini hiyo ikitaka kushuka chini ya volti 1.205, chipu inapunguza mkondo ili paneli isizame. Volti ya paneli ni 1.205 zidisha na (1 + R1/R2), rizista R1 ikitoka chanya ya paneli kuja kwenye pini na R2 ikitoka kwenye pini kwenda hasi. Wengi husema weka 17, yaani R1 ya 130k (ohm 130,000) juu na R2 ya 10k chini. Kwenye lebo wako sahihi, ila lebo imepimwa seli za paneli zikiwa nyuzi 25. Iliyolala juu ya bati saa saba mchana inafika nyuzi 60, na kila nyuzi moja inakula kama asilimia 0.4 ya volti za kazi. Nyuzi 35 za ziada zimekula asilimia 14. Zile 18 zimebaki 15.5. Ukiishikilia paneli kwenye 17, mkondo unaporomoka: asubuhi inachaji vizuri, mchana inalegea, na watu wanasingizia mawingu. Mimi nimeweka 120k na 10k, inakaa 15.7. Asubuhi napoteza kidogo, mchana navuna karibu chote.

Hapo ndipo moduli zisizo na ubovu zinapotupwa. Mtu anajaribu kwa adapta ya volti 12, haichaji, anasema imekufa. Haijafa, inasubiri 15.7 ambazo adapta haina. Jaribu kwa chaja ya laptop ya volti 19. Na ukinunua moduli iliyopangwa kwa paneli ya volti 6, ya volti 18 itavutwa hadi 6 na utabaki na theluthi moja ya nguvu.

Mita ya volti tu inatosha kujua kinachoendelea. Paneli ikiganda kwenye 15.7 wakati wa kuchaji, kikomo ni jua. Ikipanda juu ya hapo na betri bado iko chini ya 4.2, kikomo ni rizista. Ikielekea 20 na betri imesimama 4.2, chaja inamalizia, ampea zinashuka zenyewe. Usiifungue kutafuta ubovu. Ila usiunge paneli mbili mfululizo: zisipokuwa na mzigo ni volti 44, na chipu inavumilia 28.

Moduli ikae jirani na betri, waya mrefu uwe upande wa paneli, kwenye nusu ampea tu. Ukifanya kinyume kwa waya mwembamba wa simu, mita moja kwenda na kurudi inakula karibu nusu volti kwenye ampea 2, na chaja itadhani betri inakaribia kujaa.

Chipu hii haina pini ya joto, basi usibandike betri mgongoni mwa paneli. Juu ya nyuzi 45 lithiamu haichajiwi. Wala haizuii betri kukauka, kwa hiyo BMS (bodi ya kulinda betri) bado inahitajika. Na taa ukiiunga moja kwa moja kwenye betri, ijue hesabu hii: chaja inakata mkondo ukishuka hadi takribani moja ya sita, kwangu kama ampea 0.33. Taa ikivuta 0.4, ile ya moduli ya kuonyesha betri imejaa haitawaka hata siku moja. Nimeweka swichi, mchana taa inazimwa.