Mizani ya viazi na Ibara ya 30

Mtoza ushuru mmoja alichukua mizani ya mama anayeuza viazi karibu na soko la Soweto hapa Mbeya, bila risiti wala hati yoyote, na majirani wakamshauri anyamaze kwa kuwa serikali haishindwi. Sikubaliani nao. Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mali ya mtu. Ni kweli kwamba Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria zinazobana haki kwa ajili ya usalama, afya ya jamii na hata mipango ya miji na vijiji, na ukiisoma peke yake utadhani imemeza haki zote. Lakini mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba sheria ya namna hiyo haipaswi kuwa ya kionevu wala kubana kupita inavyolazimu, ikatamka kuwa sharti la kupata kibali cha Waziri kabla ya kuishtaki serikali lilikiuka Katiba.

Hiyo ilikuwa sheria ya Bunge. Hapa tuna amri ya mdomo tu! Barua ya kudai mizani tumeshaiandika, na Jumatatu mama ataipeleka kwa mtendaji wa kata, nakala moja igongwe muhuri abaki nayo.