Siku moja maishani mwangu: mwalimu, mpira na mizunguko 60

Saa 11 alfajiri. Mtaani Sakina, Arusha, bado giza, Mlima Meru umejifunika. Ninafundisha hisabati kidato cha tano, na uzamili nausoma kwa kuibia muda kama huu, kabla mwanangu hajaamka. Mpira wake nimeuazima bila kumwambia.

Saa 1 asubuhi, ndani ya daladala. "Mwalimu, leo mnacheza na nani?" konda akauliza. Nikamwambia tunacheza na namba 60. Akacheka, nauli hakunisamehe.

Saa 3, kipindi. Mpira wa viraka una vyeusi 12 vya pembe tano na vyeupe 20 vya pembe sita. Unaweza kuuzungusha kwa njia ngapi ukabaki kama haujaguswa? Ni 60, ukihesabu na ile ya kuuacha ulivyo. Kwenye cheusi unazungusha moja ya tano. Kwenye cheupe darasa zima likasema moja ya sita, likakosa. Majirani wa cheupe hupishana, mweusi kisha mweupe, kwa hiyo kinakubali theluthi tu. Hapo zilikwenda dakika ishirini, mpira ukipita mkono kwa mkono, na sijutii.

Mizunguko hiyo 60 ni kundi, yaani ukifuatisha mmoja kwa mwingine unapata mwingine wa humo humo. Tena ni kundi sahili: halimegeki, kama namba tasa isivyogawanyika. Sasa chagua cheusi chochote na cheupe chochote. Mizunguko hiyo miwili tu, ukiichanganya na kuirudia, inazaa yote 60. Idadi inayozaliwa lazima igawanyike kwa 5 na kwa 3, na yenyewe iigawe 60: ni 15, 30 au 60. Ikiwa 30, hiyo ni nusu kamili, na nusu hulimega kundi, ilhali hili halimegeki. Ikiwa 15, pangekuwa na mzunguko unaorudi mwanzo baada ya hatua 15, na mpira hauna. Kijana wa nyuma akachagua vyeupe viwili, akakwama kwenye 12. Ndiyo, zipo jozi butu, zisizozaa yote: kati ya jozi 3,600 (60 mara 60), zinazofaulu ni 2,280.

Saa 7, makande.

Saa 10 jioni umeme ukakatika, nikasoma karatasi dirishani. Wanahisabati Steinberg mwaka 1962, kisha Aschbacher na Guralnick mwaka 1984, walikamilisha jambo hili: kila kundi sahili lenye kikomo huzalishwa na elementi mbili, yaani wanachama wawili tu kama mizunguko yetu miwili, hata lile liitwalo Monster, lenye elementi zaidi ya 8 ikifuatiwa na sifuri 53. Kinachonikera ni njia yenyewe. Uthibitisho unapita familia moja moja ya makundi, kama karani wa sensa anayebisha nyumba hadi nyumba. Natamani sababu moja ya makundi yote.

Saa 3 usiku mwanangu kauona mpira wake. Kila kiraka kina namba ya kalamu ya wino, 1 hadi 32. Kaninunia, kaenda kulala nao.