Muuguzi unayerudi kufanya kazi ya ubora: anza na wodi moja na daftari

Miaka ya Uingereza imetosha, nimerudi nyumbani. Wenzangu mlio huko bado mnauliza jambo lile lile: mtu aliyekuwa akisimamia ubora wa huduma na usalama wa wagonjwa ughaibuni, akirudi Tanzania aanzie wapi? Kwanza leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, hilo halina mjadala. Baada ya hapo chagua wodi moja, jambo moja, na daftari. Mafomu uliyoyazoea yaache sandukuni.

Wala usidhani unaleta kitu kigeni. 5S-KAIZEN, njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi na kuboresha kidogo kidogo, imo hospitalini kwetu tangu 2007, ikianzia Mbeya kwa msaada wa Wajapani, na wahudumu wengi wa wodi watakutajia S zote tano bila kusita: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hiyo ya tano ndiyo hukatika, kwa sababu aliyeishika huhamishwa na hakuna aliyeachiwa kazi. Itafute timu ya uboreshaji ya wodi, uliza walikwama wapi, uendelee hapo hapo.

Mimi ningeanza na usafi wa mikono. Ulikotoka, kitakasa mikono kiko kando ya kitanda na kikiisha kinaletwa kingine. Hapa kinaweza kuisha Jumanne na oda ikaja mwezi ujao, na hakuna semina itakayomfanya muuguzi mwenye wagonjwa thelathini aende bombani kila mara. Dawa yake iko famasia: kitakasa kitengenezwe hapo hapo hospitalini. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi alama ya lita 10. Gliseroli ni nzito na hunata kwenye kipimio, kwa hiyo kisuuze kwa maji hayo hayo umimine yote. Funika mara moja, kwa maana ethanoli huruka. Changanya taratibu, gawa kwenye chupa, uziweke kando saa 72 ili peroksaidi iue vijimbegu vya bakteria vilivyomo kwenye mchanganyiko au chupa.

Hapo kwenye saa 72 ndipo mambo huharibika: wodi imeishiwa, mtu anakuja na chupa, mfamasia anaona huruma. Tengenezeni fungu jipya wakati la zamani bado linatosha wiki nzima. Kosa jingine ni kujazia juu ya masalio bila kuosha chupa. Na chumba cha kutengenezea kiwe na hewa, mbali na moto wowote. Kabla ya kugawa, kiwango cha ethanoli kipimwe kwa alkoholimita, kipimo cha kileo. Lengo ni asilimia 80.

Kisha kaa wodini uhesabu. Dakika 20 kila wiki, zamu tofauti, ya usiku ikiwemo. Andika kila nafasi ya kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mara walizosafisha gawanya kwa nafasi zote, zidisha kwa 100. Watu husafisha zaidi wakitazamwa, hivyo linganisha na lita zilizotoka famasia. Asilimia ikipanda na lita zisisogee, amini lita.

Chora matokeo ukutani, nukta kila wiki. Zikifika kumi, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, tafuta thamani ya katikati, upige mstari. Nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari ni dalili ya mabadiliko ya kweli. Inayoangukia juu ya mstari wenyewe usiihesabu. Nukta moja ikishuka usimgombeze sista wa zamu kwa ajili yake.

Thieta, yaani chumba cha upasuaji, utakuta orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani imejazwa alama zote, pengine hata kabla ya kuanza kukata. Wakumbushe kwamba ilijaribiwa kwetu pia: Ifakara ilikuwa kati ya hospitali 8 za utafiti uliochapishwa 2009, na kwa jumla vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ile imeundwa isomwe kwa sauti, wote wakiwa wametulia: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ukienda kukagua, acha karatasi, simama usikilize.

Ripoti za matukio, yaani za makosa yaliyomdhuru au yangeweza kumdhuru mgonjwa, ndizo ngumu kuliko yote. Penye kosa kujibiwa kwa barua ya kujieleza, hakuna atakayeandika ripoti ya pili. Kaa na mganga mfawidhi na matroni kwanza, mkubaliane kwamba anayeripoti kosa lisilo la makusudi haandikiwi barua, nao walitangaze wenyewe kwenye kikao cha asubuhi. Tuseme ripoti ya kwanza inahusu ampuli (kichupa cha sindano) ya kloridi ya potasiamu, dawa inayoweza kuua ikidungwa bila kuzimuliwa, iliyochukuliwa kwa kudhaniwa ni maji ya sindano. Angalia rafu: vimewekwa pamoja, vinafanana, taa ni hafifu. Ondoa potasiamu wodini irudi famasia. Ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, ifungiwe kabati lake, lenye lebo. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo, aliyeripoti aione rafu akiingia zamu.