"If I would have known": kosa linalotoka kwenye -ngali- yetu

Mwanafunzi hodari wa Kiswahili ndiye hasa anayeteleza hapa. Amefundishwa kusawazisha: ningejua, ningekuja; ningalijua, ningalikuja. Ukianza na -ngali- unamaliza na -ngali-, na mwenye kuchanganya husahihishwa. Akiingia kwenye Kiingereza anasawazisha vilevile: "If I would have known, I would have come." Kwa sikio letu imekaa vizuri. Wapo hata Wamarekani wanaoisema hivyo mitaani, lakini kwenye mtihani au barua ya kazi ni kosa.

Kiingereza kinataka pande mbili zitofautiane. Penye "if" weka "had" na umbo la tatu la kitenzi (kama "gone" katika go, went, gone). Kwenye matokeo weka "would have" na umbo la tatu tena. "If the driver had slowed down, the bus would not have overturned." Ili kujipima, geuza kila upande: cha kukubali kikanushe, cha kukanusha kikubali. Dereva hakupunguza mwendo, basi likapinduka. Ukipata habari ya yaliyotokea kweli, sentensi yako imesimama.

Umbo la tatu lenyewe linaangusha wengi. Ni "would have gone", si "would have went". Vitenzi vya kuogopa zaidi ni vile ambavyo umbo la tatu linarudi kufanana na la kwanza: come, came, come, run, ran, run, become, became, become. Hivi vikariri kwa sauti mpaka "had came" ikukere. Na baada ya "would" huandiki "has" bali "have", hata kwa "she" na "it". "Would has" haipo.

Sasa pagumu kuliko pote. Siku hizi wengi wetu tunatumia -nge- kwa kila kitu. "Ningekuwa na pesa ningenunua shamba" inaweza kuwa ya leo au ya mwaka juzi, na msikilizaji huelewa kwa muktadha. Kiingereza hakikuachii nafasi hiyo. Ya leo: "If I had money, I would buy the farm." Ya mwaka juzi: "If I had had money, I would have bought the farm." Hiyo "had had" watu huifuta wakidhani wameandika neno mara mbili. Iache. Ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ni umbo la tatu la "have". Kabla hujaandika, amua kwanza: nafasi imekwisha kupita, au bado ipo?

Kwenye mazungumzo "had" na "would" zote mbili hufupishwa kuwa 'd: "If I'd known, I'd have come." Angalia kinachofuata. Likifuata umbo la tatu moja kwa moja, ni "had"; ikifuata "have", ni "would". Ufupisho "would've" nao husikika kama "would of", ndiyo maana hata wenyeji wa lugha huiandika hivyo. Usiwafuate.

Matokeo yakiwa yanaendelea mpaka leo, upande wa pili unaacha "have": "If she had studied medicine, she would be a doctor now." Kama huna hakika na matokeo, badili "would" iwe "might", ukisema juu ya uwezo, "could".

"Kama si mvua" haitafsiriki kuwa "if not rain". Sema: "If it had not been for the rain, we would have arrived by noon."

Katika barua rasmi unaweza kuiondoa "if" na kuanza na "had": "Had we received your letter earlier, we would have replied." Ukikanusha, "not" inakaa baada ya mtenda, bila kufupishwa: "Had we not received", kamwe si "Hadn't we received".