Kumbukumbu ya mradi: kuunda upya chujio la hewa la Donaldson la 1915

Mwaka 1915 Frank Donaldson alikuwa akifanyia kazi Bull Tractor, kampuni ya matrekta ya Minneapolis, Marekani, akatumwa jimbo la Utah kwa mkulima ambaye injini ya trekta lake ilikwisha mapema mno. Shamba lilikuwa vumbi tupu. Alichofanya ni kuvika kizimba cha waya kitambaa chenye manyoya laini na kukiweka juu ya bomba refu lililopanda kupita wingu la vumbi. Kampuni ya vichujio ya Donaldson ilianzia hapo. Mradi huu unaunda kifaa hicho upya kwa injini ya silinda moja, ili kuona ni sehemu ipi hasa iliyookoa injini.

Vumbi la shamba lina kwatsi, madini ya mchanga, na kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kusubu cha silinda. Ikichanganyika na oili kwenye ringi za pistoni inakuwa sawa na ile dawa ya kusagia vali.

Hesabu ya hewa: injini ina ujazo wa sentimita za ujazo 400, mapigo manne, mizunguko 1,500 kwa dakika. Inavuta mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni lita 300 kwa dakika. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Silinda moja huvuta robo tu ya muda, kwa hiyo wakati wa kuvuta hewa hupita kwa kasi ya lita 1,200 kwa dakika. Bomba la milimita 38 lilipangwa kwa wastani, injini ikakosa nguvu. La milimita 50 lilimaliza tatizo.

Kizimba kina upana wa sentimita 15 na kimo cha 20, juu kimefunikwa. Eneo la kitambaa ni kama sentimita za mraba 1,100. Jaribio la kwanza lilitumia wavu wa kuku wa matundu ya milimita 25. Kitambaa kilifyonzwa ndani ya kila tundu, kikavutika, nyuzi zikaachana, na vumbi likapenya palepale. Sasa wavu ni wa milimita 6. Kitambaa ni blanketi laini la pamba, manyoya nje, mshono umepandiana sentimita 3 na matundu ya sindano yamepakwa gundi ya mpira.

Sehemu iliyosumbua kuliko zote ni maungio. Chini ya chujio bomba lote linavuta, hivyo ufa wowote unaingiza vumbi lisilochujwa. Njia ya kuutafuta: paka grisi nyeupe ndani ya bomba chini ya kila ungio, washa injini saa moja penye vumbi, kisha fungua. Kwenye ungio la kabureta ulionekana mstari wa kahawia mwembamba kama unywele, ukianzia ukingoni mwa gasketi. Chanzo ni mtikisiko: bomba la mita 2 lilikuwa likiyumba na kulegeza boliti. Limeshikiliwa kwa mkono wa chuma katikati, na chini pamewekwa kipande cha mpira chenye klipu mbili.

Ukinzani wa chujio kwa hewa unapimwa kwa mpira mwangavu wenye umbo la U uliotiwa maji ya rangi. Maji hurukaruka kwa kila pigo. Bana mpira kidogo yatulie. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ikifika sentimita 20, kitambaa kinakung'utwa, lakini kwa kiasi. Tabaka jembamba la vumbi linalobaki kwenye manyoya huchuja vizuri kuliko kitambaa kipya, na ndivyo ilivyo hata kwa mashine za kukusanya vumbi viwandani, kazi ambayo Donaldson ilijitanua ndani yake kwa kuinunua kampuni ya Torit mwaka 1973.

Urefu wa bomba una uzito sawa na kitambaa. Kwa bomba la nusu mita maji yalipanda haraka zaidi kuliko kwa lile la mita 2, maana chembe nzito zinazorushwa na magurudumu hazifiki juu ya bomba refu.

Kinachofuata ni kofia ya bati. Umande wa alfajiri unalowesha pamba, nyuzi zinavimba na vumbi linageuka tope.