Siku moja maishani mwangu: alama za kiganja ukutani

Saa 1 asubuhi nilibisha hodi katika nyumba moja ya barabara za namba, Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kupanga nyumba kwa ndani ili wenyewe waendelee kuishi humo hata miili yao inapobadilika. Hii ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, choo uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Bibi alipatwa na kiharusi mwaka jana, na upande wake wa kushoto hauna nguvu. Ndani hutembea akijishika ukutani, nje hutumia kiti cha magurudumu. Kabla ya kutoa tepu nilimwomba aende uani kama anavyokwenda kila siku, nami nikamfuata nyuma kimya. Pale mkono wake wa kulia unapopita, rangi ya ukuta imechakaa na kung'aa kwa mafuta ya kiganja, mstari mmoja tangu mlango wa chumba, sentimita 82 kutoka sakafuni. Wakati wa kurudi mkono uleule hushika ukuta wa pili, na huko mstari unakatika mbele ya kabati la vyombo. Hapo ndipo alipoanguka mara mbili.

Mwanawe alidhani bomba la kushikilia upande mmoja lingetosha. Nilimweleza kwamba anayetegemea mkono mmoja anahitaji kuta zote mbili, moja ya kwendea na nyingine ya kurudia.

Saa 4 tulipima kimo cha baraza: sentimita 45. Kijana alitaka mteremko wa mita 2, lakini kila sentimita 1 ya kupanda hudai angalau sentimita 12 za mwendo, yaani mita 5.4. Tuliulaza sambamba na ukuta wa nyumba, usiingie barabarani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini mzee hushinda nyumbani, na moyo wangu uko huko.

Baada ya adhuhuri nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Nilimsisitizia kwamba bomba liachane na ukuta kwa sentimita 5 ili vidole vizunguke, lipakwe rangi ya kukoza ili mwenye mtoto wa jicho alione, na ncha zake zipindwe kuelekea ukutani, zisije zikanasa kanga.

Saa 10 nilirudi kumalizia choo. Mlango utafunguka kwa nje, kwa sababu anayeanguka ndani huuziba kwa mwili wake mwenyewe.

Nilipokuwa nikiaga, vijana walikuwa wamekwisha kulihamishia kabati chumbani. Bibi alikuwa akirejea kutoka uani. Alipofika pale lilipokuwa kabati alisimama, akaupapasa ukuta ambao rangi yake ilikuwa bado mpya, kisha akaendelea na mwendo bila kuuachia.